Gongo Lililoshibishwa Mafuta ya Nazi

Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya alasiri, harufu ya mafuta ya kitani ilinipata katikati ya Industrial Area ya Doha nikasahau nilichokuwa nikisema, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo la kila siku. Kuna seremala mmoja wa Kipakistani, mtu wa makamo yangu, huja kwenye uwanja wetu wa vumbi na gongo lake la mti la zamani, la kuchezea mpira wa magongo. Kabla ya mechi hulilaza mapajani akalipaka mafuta kwa kitambaa, taratibu, kama anamkanda mgonjwa. Vijana siku hizi wanachezea magongo ya plastiki ngumu ambayo hayali kitu. Yeye mwenyewe hachezi tena. Hulipaka tu, kisha hukaa nalo akatazama.

Nilikuwa nimekwenda kuangalia mechi ya pili ya ubingwa, madereva na walinzi wetu, Wakenya kwa Waganda, dhidi ya Wapakistani wa karakana. Mechi ya kwanza tulifungwa tatu kwa moja. Hii ya pili tukafungwa mbili bila. Basi watu wananitumia ujumbe eti pole, imekwisha. Imekwisha vipi? Ubingwa ni mechi tano, atakayeshinda tatu ndiye bingwa, na mbili si tatu. Mimi sikusoma sana lakini hesabu hiyo naijua. Tutazichukua tatu zilizobaki, na anayetaka kubisha anajua ninapokaa.

Na ninapokaa ni Umm Salal, nyumba yenye ua na kidimbwi cha samaki wa rangi. Niliingia Doha na begi moja, nikasimama mlangoni mwa hoteli pale The Pearl saa kumi na mbili kwa siku nikiwafungulia watu milango ya magari. Leo mabasi yangu kumi na moja yanabeba wafanyakazi wa watu asubuhi na jioni, na kafili wangu, mwenyeji anayenidhamini, huniita ndugu mbele ya wageni. Watu huniuliza nilisomea wapi biashara. Huwaambia: shule niliiacha mwenyewe darasa la sita, niliona inanichelewesha. Maneno hayo nimeyasema miaka mingi mpaka yakawa kama cheti. Leo nataka kuyasema vingine, na asiyependa aishie hapa.

Pembeni yangu siku hiyo, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mama Mdogo Rehema, mdogo wake mama yangu, aliyenilea. Amekuja kututembelea kwa miezi miwili. Alivuta ile harufu, akamtazama yule seremala, akatabasamu.

"Huyu bwana analisha gongo lake," akasema.

Mchezo ukaanza. Lilipoingia bao la pili, nikainuka kumpigia kelele kipa wetu, kijana wa Mbale mwenye mikono mirefu. Mama Mdogo akanishika kanzu.

"Mwache. Mkono umemtetemeka. Mimi namjua mtu aliyetetemeka mkono, maana na mimi ulinitetemeka."

Nikakaa. Tangu niwe mtu mzima sijawahi kuamriwa kukaa na mtu yeyote, lakini nilikaa.

Sasa twendeni Majengo, Mombasa, kwenye nyumba ya Bibi iliyokuwa na vyumba vinne na harufu moja. Harufu yenyewe ni ya mafuta ya nazi. Bibi alikuna nazi, akapika, akachuja mwenyewe, akajaza chupa ndefu ya kijani iliyokaa dirishani. Hakukuwa na kitu asichokitibu nayo. Kichwa kilichokauka, bawaba inayolia, mtoto mwenye kifua, cherehani iliyogoma, mbuzi aliyejikwaruza, vyote dawa yake ilikuwa ileile. Nyumbani kwetu kitu kikidhoofika kilipakwa mafuta, kikasubiriwa kinywe. Nyinyi wa umri wangu mliolelewa na bibi zenu hamhitaji kuelezwa zaidi.

Mama Mdogo alikuwa akifanya kazi kwenye bohari la majani ya chai, akipokea simu. Lakini tusidanganyane, hakuajiriwa kwa uzuri wa sauti. Aliajiriwa kwa sababu alikuwa kipa wa mpira wa magongo. Enzi zile maofisi makubwa yalishindana kwa timu. Ukijua kucheza, unatafutiwa meza na kiti, mradi Jumamosi uonekane uwanjani. Na kiti hicho hudumu kadiri unavyodumu wewe golini. Kila mtu alilijua hilo, hata mimi mtoto. Sare yangu, vitabu vyangu, na karo ya ile shule ya kulipia niliyopelekwa, vyote vilikaa juu ya kiti hicho kimoja.

Bibi alikuwa amemruhusu kwa sababu ya mavazi. Kipa peke yake ndiye aliyevaa suruali ndefu, pedi za kitambaa kizito kuanzia mguuni mpaka pajani, na glavu mikononi. "Wale wengine wanakimbizana na visketi kama wamefukuzwa na nyuki," Bibi alisema. "Wewe simama, ujisitiri, mpira utakuja wenyewe."

Ukaja kweli. Mwaka ule timu ya bohari ilifika kwenye ubingwa wa mji kupambana na timu ya manesi. Mechi tano, Jumamosi tano. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ulimi mrefu kuliko wote Majengo. Wiki nzima kabla ya mechi ya kwanza niliwatangazia watu mtaani kwamba manesi watajitibu wenyewe.

Kochi wetu alikuwa Mgoa mzee, fundi wa mizani pale bohari. Kila Jumamosi aliyapanga magongo ya wachezaji kwenye benchi, akachovya kitambaa kwenye kopo la mafuta ya kitani, akayapaka moja baada ya jingine. Harufu yake ilikuwa kama ya mbao mpya na mkate uliokaribia kuungua. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Chakula chake hiki, mtoto," akanijibu bila kuinua kichwa. "Gongo lisipokula, linapasuka."

Kwa mtu wa nyumba yetu, hilo lilikuwa neno la kueleweka kabisa.

Mechi ya kwanza tulifungwa moja bila. Aliyefunga ni nesi mmoja anaitwa Mwanaisha, mwembamba, mwenye kukimbia ameinama kama anatafuta sindano mchangani. Watu wa manesi wakaanza kuimba upande wa pili: "Chai imepoa! Chai imepoa!" Nikapanda juu ya ukuta nikawajibu peke yangu: "Leteni machela! Leteni machela!" Mwamuzi akanionyesha kidole nishuke. Sikushuka. Niliposhushwa na askari wa uwanja, nilimwambia mbele ya watu kwamba bao lile si bao, jua lilikuwa machoni mwa kipa, na mpira wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kawaida. Watu walicheka. Mimi nilikuwa sichekeshi.

Nikarudi nyumbani nikitafuta sababu, kwa sababu Mama Mdogo hawezi kufungwa bila sababu. Na sababu nikaipata. Magongo ya wenzake yalilala bohari, Kochi akayalisha kila wiki. La Mama Mdogo lilikuja nyumbani ndani ya gunia pamoja na pedi na glavu, kwa sababu vitu vya kipa alivitunza mwenyewe. Kwa hiyo halikuwa limelishwa. Wenzake wote wameshiba na yeye anakwenda vitani na gongo lenye njaa! Niliona uchungu mpaka nikashindwa kumaliza wali.

Jumamosi ya pili, Mama Mdogo alipokuwa akiswali adhuhuri, nikalitoa gunia uani. Mafuta ya kitani sikuwa nayo, lakini kwetu mafuta yalikuwepo, tena bora zaidi. Nikaitwaa chupa ya kijani. Nikalipaka gongo kuanzia kwenye mpindo mpaka juu kwenye kishikio kilichozungushiwa kitambaa, maana nilidhani kitambaa ndicho kinywa chake. Kilikunywa ajabu. Nilipomimina kilimeza, nikaongeza kikameza. Nikapaka glavu ndani na nje. Kilichobaki nikazipa pedi. Nikavianika juani dakika kadhaa, vikakauka juu kama havikuguswa, nikavirudisha guniani. Chupa ikabaki tupu dirishani. Mama Mdogo alipovivaa hakunusa kitu, kwa sababu yeye mwenyewe, nywele zake, nguo zake na mto wake wa kulalia vilinuka hivyohivyo.

Mechi ya pili sijaona tena mfano wake. Manesi walishambulia kama wamepewa dawa. Mama Mdogo aliupiga mpira kwa mguu, kwa gongo, kwa kifua. Mara moja aliuzuia akiwa amelala chali, nikasikia mpaka Kochi anapiga kelele kwa Kigoa. Na mimi pale ukutani, niliyerudi kupanda, nilikuwa nikipayuka: "Limeshiba! Leo limeshiba!" Mzee mmoja akaniuliza nini kimeshiba. Nikamwambia, "We tazama tu."

Joto la Mombasa mnalijua. Kipindi cha pili jua lilikuwa limekaa juu ya vichwa vyetu kama sufuria. Niliona Mama Mdogo anajifuta mkono wa kulia kwenye suruali. Akajifuta tena. Zikabaki dakika chache, bila kwa bila, manesi wakapata kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli. Mpira ukasukumwa, Mwanaisha akaupiga chini upande wa kulia. Haukuwa mkali. Mama Mdogo alikuwa ameshauona, ameshanyoosha gongo, watu wetu wameshaanza kushangilia. Gongo likamtoka mkononi kama samaki anayerudi majini. Likaruka likagonga nguzo, na mpira ukaingia taratibu, ukasimama ndani kabla haujagusa ubao wa nyuma ya goli.

Hakulifuata gongo. Alisimama akiutazama mkono wake.

Mechi ilipokwisha, Kochi akaja na kopo lake mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, mbele ya wote: "Rehema, mkono umetetemeka. Nimeona. Kipa akiingia woga, hautoki. Jumamosi ijayo atacheza mwingine."

"Jasho tu, Kochi," Mama Mdogo akasema.

"Jasho la nini?"

Mama Mdogo akainama kufungua pedi zake.

Njiani mimi nilibeba glavu. Tulipofika kwenye duka la mkaa nikajifuta uso kwa glavu moja, na mafuta yaliyoyeyuka ndani yakanipaka kuanzia paji mpaka kidevu. Nikaelewa yote kwa mara moja. Mama Mdogo alikuwa hatua tatu mbele yangu, akitembea ameukumbatia mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Ilinipasa nimwite. Ulimi wangu wote ule, uliojibizana na waamuzi na askari, siku hiyo ulilala.

Nyumbani Bibi aliikuta chupa. "Nani amemaliza mafuta yangu?" Nikasema paka. Paka akapigwa, akapelekwa Kongowea kwenye kikapu, asirudi tena.

Jumamosi ya tatu alisimama kipa mwingine tukafungwa nne. Ubingwa ukaenda kwa manesi. Watoto wa mtaa wakavumbua mchezo wa kupita mbele ya nyumba yetu wakitetemesha mikono. Nilipigana nao mmoja mmoja na wote kwa pamoja, nikavunjwa jino hili la pembeni nililoliwekea dhahabu. Watu walisema mtoto yule anampenda mama yake mdogo kweli. Nilimpenda. Ndiyo maana nilipiga kwa nguvu kuliko haki yangu. Mwaka ulipogeuka, kile kiti cha bohari kikakaliwa na mtu mwingine. Mama Mdogo akaanza kukaanga viazi vya karai barazani. Shule ya kulipia ikanirudisha nyumbani na mkoba wangu, na mimi nikawatangulia watu kusema: nimeiacha mwenyewe.

Basi. Hiyo ndiyo elimu yangu.

Mechi yetu ya Industrial Area ilipokwisha nilimpakia Mama Mdogo garini tukaelekea Umm Salal. Alikuwa bado anamzungumzia yule kipa wa Mbale, anamwonea huruma. "Mkimtoa sasa hatapona," akasema. "Mimi sikupona."

"Mkono wako haukutetemeka," nikasema.

"Wewe wajua nini? Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto mwenye chupa. Nililipaka gongo lako mafuta ya Bibi. Kishikio, glavu, kila kitu. Nilidhani nalilisha."

Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Tukapita mizunguko miwili ya barabara.

"Chupa ya kijani?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Na paka tukampeleka Kongowea!"

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Simamisha gari."

Nikaingia kituo cha mafuta nikasimama mbele ya bakala, duka lao dogo la vyakula. Nilikuwa na maneno tayari. Mtu niliyejenga kila kitu kwa mikono yangu sikosi maneno: nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilitaka ushinde, nimekulipia Hija, nimekujengea nyumba. Nilifungua mdomo. Akauinua mkono, nikaufunga.

"Mtoto wako wa kwanza," akasema, "ulipomleta akiwa na siku saba, ukataka nimpokee mikononi. Unakumbuka nilikwambia nini?"

"Ulisema una mafua."

"Sikuwa na mafua. Tangu siku ile ya manesi sijapokea mtoto mchanga wa mtu yeyote. Naogopa mkono huu. Harusi ngapi, arobaini ngapi, nakaa nyuma nasema nina mafua. Watu wanadhani nina kijicho cha uzazi."

Mhindi wa kituo akagonga kioo kuuliza ni lita ngapi, nikamfukuza kwa mkono.

"Na huku unawaambia watu umejijenga," akaendelea, sauti inapanda. "Umejijenga! Umejipaka mafuta, ukateleza kutoka shuleni mpaka Uarabuni!"

"Nisamehe."

"Hilo tutalizungumza siku nyingine, na litakuwa refu." Akageuka kunitazama, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa machozi. Ni hasira, lakini haikuwa imenielekea mimi. "Kwa hiyo siku ile Mwanaisha hakunifunga."

"Hakukufunga."

"Mwanamke yule! Kila harusi Majengo lazima alitaje bao lake. Wajukuu zake wanalijua. Lete simu."

Simu za kawaida za kwenye intaneti huku hazipiti vizuri, kwa hiyo sisi hurekodi sauti tukatuma. Nikamshikia. Akaisogeza mdomoni kama anaikemea.

"Mwanaisha! Ni mimi Rehema, niko Doha. Lile bao lako la mechi ya pili nalifuta. Gongo langu lilipakwa mafuta ya nazi, aliyelipaka nimekaa naye hapa, amekiri kwa mdomo wake. Sikuogopa. Umesikia? Sikukuogopa wewe wala mpira wako. Ukilitaja tena harusini nitasimama."

Akaachia. Tukasubiri tukiitazama simu, mimi na mabasi yangu kumi na moja na yeye na miaka yake sitini na mitano, kama watoto wanaosubiri matokeo. Jibu likaja. Kwanza kicheko kirefu cha mtu aliyekosa meno ya mbele. Kisha:

"Bao ni bao, Rehema. Gongo lako, mafuta ya mama yako, na mtoto wenu. Mimi nilileta mpira tu. Ukitaka kulifuta, njoo ulifute uwanjani."

"Umekisikia kiburi hicho?" Mama Mdogo akaniuliza.

"Nimekisikia."

"Amewekewa nyonga ya chuma, lakini kiburi hakijapungua." Akashika tena simu. "Nakuja. Upige kutoka palepale ulipopiga. Na uchague jua unalotaka." Akaituma kabla sijasema neno kuhusu magoti yake. "Endesha, twende nyumbani. Na ile tiketi yangu uibadilishe, niondoke mapema."

Niliwasha gari. Tulipoingia barabara kuu aliunyoosha mkono wa kulia juu ya dashibodi, vidole vimetanuka, akauacha hapo hewani bila kuuegemeza popote.

"Tazama," akasema.

"Mama Mdogo, naendesha."

"Tazama hivyohivyo."

Nikatazama. Ulikuwa umetulia.